Sabuni ya Tangi

Kila nikiingia kwa mama nikasikia harufu ya sabuni ya mche, pua yangu inakumbuka petroli, na hasira zinanipanda.

Baba alikuwa na kigari cha mbio cha zamani, kilichofungwa tangi la pikapu lisilokaa vizuri. Alilikaza kwa mipira ya tairi, na palipovuja akaziba kwa sabuni ya mama ya kufulia.

"Idi hii tunafika Mbezi," aliapa.

Sikukuu ikafika, tukabanana ndani na nguo mpya. Shimo la kwanza tu, tangi chini! Tukasukuma gari hadi nyumbani, mie nalia.

Kesho yake akaita kutoka uvunguni mwa gari, "Mama watoto, sabuni!"

Mama akasonya, akaukata mche katikati, akampa nusu.

Baba hayupo tena duniani, lakini mpaka leo mama anaukata. Nusu anafulia. Nusu ya baba iko dirishani, na ole wako uiguse.