Maji ya Msalani

Udongo uliomwagiwa maji alasiri una harufu yake, na uani kwetu Kariakoo harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa mkaa na dagaa wa kukaanga. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kila familia na chumba chake. Nyuma yake mama alilima matuta ya mchicha na matembele, kuanzia ukuta wa jikoni hadi karibu na choo. Baba aliumia mgongo bandarini na hakurudi tena kazini, hivyo bustani ile ndiyo iliyokuwa mboga yetu ya kila siku. Bila hiyo tungekula ugali na chumvi.

Maji ya bomba yalikuwa ya shida. Bibi, mama yake baba, aliyetoka Kilwa, alitawadha juu ya karai, kwani alifunzwa tangu udogoni kwamba maji ya udhu hayaachwi yatiririke kwenye uchafu. Karai likijaa, mama alilibeba hadi kwenye matuta. Ndivyo mboga zilivyoota, nasi tukashukuru.

Mwaka mmoja kipindupindu kikaingia mjini. Watu wakaogopa mboga za majani, hasa za bonde la Msimbazi zilizomwagiliwa maji machafu ya mto, na mabwana afya wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Kwa jirani waling'oa kila kitu. Tangu siku hiyo mlango ulipogongwa mama aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza.

Aliyefika kwetu alikuwa kijana mwenye adabu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mboga hizi mnamwagilia maji gani?”

“Ya msalani,” bibi akajibu kwa fahari. “Hatumwagi hata tone.”

Wapangaji waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Kwa bibi, msalani ni pale anapotandika msala wake wa kuswalia, kando ya karai la udhu. Kwa mji mzima, msalani ni chooni. Kijana akainama, akang'oa shina la tembele, akang'oa la pili. Mama akaenda kusimama mbele ya tuta lililofuata. Baba akauliza kutoka chumbani kuna nini.

Aliyetuokoa ni Mama Suzi, mpangaji mwenzetu, Mkristo wa Songea. “Subiri, bwana afya. Bibi huyu chooni anapaita chooni, tena akienda anatutangazia wote. Msalani kwake ni kwenye ule mkeka pale.”

“Na wewe nawe,” bibi akamkemea, kisha akamgeukia kijana. “Kwani kwenu watu wanaswalia chooni?”

Kijana hakucheka. “Nioneshe, bibi.”

Bibi akaketi kwenye kigoda, akavuta karai, akatawadha taratibu kama hakuna anayemtazama. Mimi nilitazama uso wa yule kijana tu, huku nikimwomba Mungu kimoyomoyo. Bibi alipomaliza miguu, kijana alichuchumaa, akayaangalia maji, akayanusa.

“Matuta haya yabaki,” akasema. Kisha akaenda kwenye tuta lililokuwa karibu na choo, akaling'oa lote. Mama hakubisha, pale kijana alikuwa na haki.

Jioni mama aliokota marando ya yale matembele mawili, akayapanda kwenye debe bovu. Miaka ikapita, madebe yakawa ndoo, nyumba ikavunjwa, ghorofa likasimama mahali pake. Leo napanda kwenye madumu yaliyokatwa, huku juu kibarazani, na Mungu ananijalia mboga kidogo. Zisipotosha nashuka sokoni. Mchicha umepangwa vizuri, mbichi, unang'aa kwa maji, na wanunuzi tumejaa. Hakuna anayeuliza maji hayo yametoka wapi, nami siulizi, na hata ningeuliza, muuzaji naye ameununua alfajiri kwa mtu asiyemjua. Bibi aliulizwa mbele ya watu, akavuta karai, akaonesha.