Siku Niliyombeba Mama Mkwe Mtoni

Sikiliza, wewe unayepanga kuwapeleka watoto mtoni, kaa kidogo nikusimulie aibu yangu, maana mie nimembeba mama mkwe wangu mgongoni nikiwa na bukta tu, mchana kweupe, na watu wakatazama.

Mie ni mtoto wa Kimbiji, nimekulia baharini, sasa nafundisha shule ya msingi huku Chang'ombe, Dar (na ualimu, utaona, ndio ulioniponza). Jumamosi moja tuliamka alfajiri, mimi, mke wangu, binti yetu Salha wa miaka sita na mama mkwe, tukapanda treni hadi Morogoro, kisha bajaji hadi kwenye mto unaoshuka kutoka Milima ya Uluguru. Katikati ya mto kulikuwa na fungu la mchanga, kavu, safi, nikasema mkeka tuutandike pale. Maji ya kuvukia hayakufika hata magotini. Mama mkwe akapandisha kanga kidogo, mie nikageuza uso (miaka minane sijawahi hata kula naye sinia moja, kwetu mkwe ni mkwe), tukavuka na sufuria yetu ya pilau.

Mke wangu akarudi barabarani kununua ndizi. Mie nikazunguka nyuma ya jiwe moja kubwa lililokuwa pale, mama mkwe asinione, nikavua nikabaki na bukta, nikaanza kumfundisha Salha kuelea.

Ukingoni kulikuwa na mama mmoja mwenyeji anafua. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba pale hapakaliwi, kule juu mlimani wingu limekaa tangu asubuhi. Nikatazama juu yetu, jua kali. Basi badala ya kuuliza, nikaanza kumweleza, taratibu kama ninavyowaeleza wanafunzi, kuwa maji nayajua, hujaa na kupwa, hupanda kidogo kidogo na mwenye macho huyaona, nikafika mpaka kwenye bamvua, yale maji makuu ya bahari ya mwezi mpevu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa kwenye povu.

"Sawa baba," akasema. "Ila mtoto mlete huku."

Sikumpeleka. Nadhani hazikupita dakika kumi, maji yakageuka rangi kama chai ya maziwa, majani na vijiti vikaanza kupita, na nilipomnyanyua Salha yalikuwa yananifika mapajani. Yule mama alikwishaingia mtoni. Akampokea mtoto mikononi mwangu akamtoa. Nikageuka, nikamwona mama mkwe amesimama juu ya mkeka, viatu mkononi, na mchanga wenyewe umebaki upana wa kitanda.

Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia apande mgongoni.

"Wewe ni mkwe wangu," akasema. "Nitapandaje?"

"Mama, maji hayatusubiri."

Akafikiri. "Basi fumba macho."

Nikamweleza (hata pale nilikuwa naeleza) kuwa nikifumba macho tutakwenda wote wawili. Akapanda. Nilivuka nikipapasa mawe kwa vidole vya miguu, yeye amenikaba shingo ananiombea dua sikioni, sufuria ya pilau ikitupita pembeni, na suruali yangu ikiifuata. Mke wangu ndipo alipofika na ndizi, akasimama asijue amtazame nani. Vijana waliokuwa ukingoni wakauliza bibi harusi anapelekwa wapi.

Nilirudi Dar nimejifunga upande mmoja wa kanga ya mama mkwe. Ndani ya treni Salha alinilalia mapajani, na mie sikuuachia mkono wake hata kidogo, kila nikifikiria zile dakika ambazo ningeweza kumpeleka ukingoni na sikumpeleka. Mama mkwe alikaa mkabala, akitazama dirishani.

"Baba Salha," akasema, "yule mama nilimsikia. Na kwetu Lushoto mto ulipita nyuma ya nyumba, najua alichokuwa anasema."

Nikamuuliza, kwa upole, mbona hakuniambia.

"Ulikuwa unaeleza vizuri."

Hakusema kwa kejeli, ndiyo maana imenikaa mpaka leo. Miaka minane, na sikuwahi kumuuliza amekulia wapi.

Kwa hiyo ukifika kwenye mto usioujua, kabla hujatandika mkeka, mtafute mwenyeji, muulize watu hukaa wapi, unyamaze mpaka amalize kujibu, kisha wapeleke watoto wako hapohapo alipokuonyesha.