Bakuli Kwenye Kizimba cha Nyani

Mara ya kwanza kuingia bustani ya wanyama niliingia na hasira, na mpaka leo siijutii. Watu wakisimulia walivyowapeleka watoto wao kuona simba, mie hukaa kimya, maana safari yangu haikuwa ya simba. Nilikwenda kumwamkia mama wa bibi yangu, ambaye kaburi lake lilikuwa ndani ya ua wa mtu.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Tulikuwa tukikaa Temeke, mimi nimeolewa karibuni, na tayari mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia. Ya tatu ilipoanza kuonekana, bibi aliyenilea akasema anajua kilichopungua: sijapelekwa. Kwa watu wetu, binti akishika mimba hupelekwa makaburini, akaamkia, na wazee wakaambiwa kwamba huyu ni wetu na ana mgeni njiani. Bibi alipelekwa. Mama yangu alipelekwa. Mimi sikupelekwa kwa sababu kijiji chao cha zamani, pembezoni mwa msitu wa Pugu, kilikuwa kimezungushiwa seng'enge na Mzungu mmoja aliyefuga wanyama wa kutazamwa. Bibi alikwenda na jembe lake kusafisha kaburi, akazuiwa getini. Akarudi siku nyingine, akaambiwa humo haingii mtu isipokuwa mtazamaji, na siku ya Waafrika ni Jumatano.

"Basi Jumatano tutakwenda kutazama," alisema.

Mume wangu, karani wa bandarini, hakupenda. Alisema kliniki ipo, niende kliniki. Shehe wa mtaani naye akasema Fatiha hufika popote inaposomwa. Bibi aliwajibu wote wawili kwamba kliniki nitakwenda, Fatiha itasomwa, na unga utapelekwa vilevile. Nikisema kweli, mambo ya unga sikuwa na hakika nayo. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba niliogopa kupoteza tena, na kwamba sikuona mtu gani duniani ana haki ya kunipangia siku ya kumwamkia mama wa bibi yangu. Hilo la pili ndilo lililonipandisha basi.

Tulivaa kama tunakwenda harusini. Bibi alitoa doti ya kanga mpya, akafunga unga wa mtama kwenye pindo, fundo dogo lisiloonekana, na maji akayatia kwenye chupa ya mafuta ya nazi iliyooshwa. Basi lilitushusha barabara kuu, tukatembea njia ya mchanga chini ya miti, nimeshika kiuno, yeye mbele, haniulizi kama nimechoka. Getini tulilipa kiingilio, mlinzi akatukatia tikiti. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri. Alimwamkia bibi kwa heshima, kisha akatuonyesha kibao na kutueleza kilichoandikwa: ni marufuku kuwalisha wanyama. Bibi akamshukuru.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo. Simba mmoja aliyezeeka, mamba kwenye birika la saruji, chatu aliyelala, swala wachache. Watu wa mjini waliokuja siku hiyo walikuwa wakicheka na kuonyeshana vidole. Bibi alimpita simba kama anavyompita mdai. Macho yake yalikuwa chini, yanatafuta. Alikuwa akisema peke yake: hapa palikuwa kwa mjomba, hapa kisima, hapa tulikuwa tunaanika mtama. Nikaanza kuchagua pa kukanyaga.

Tulipofika kwenye kizimba cha nyani akasimama. Nikadhani amechoka. Nyani walikuwa watatu. Nyani wale wale wanaotuibia mahindi shambani bure, hapa tumekatiwa tikiti ili tuwatazame. Bibi alikuwa anatazama bakuli lao la maji. Lilikuwa bakuli la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu, limepasuka ukingo. Makaburi ya kwetu huwekwa chombo cha marehemu kichwani, penye jiwe, kimefunikwa mdomo chini, ili wenyewe wamjue.

"Hilo la mama," akasema. "Nililifunika mwenyewe."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa ghadhabu, nikajifuta haraka nisionekane. Alivua viatu, akaketi chini mbele ya waya, akanivuta niketi. Akasoma Fatiha. Kisha akafungua fundo, akachota unga kidogo kidogo na kuupenyeza kwenye waya, huku akimwambia mama yake habari za nyumbani kwa sauti ya kawaida: nani amefariki, nani ameoa, nani amehamia Kinondoni. Nyani mmoja akaja, akaanza kuramba unga. Bibi hakumfukuza. Kwetu unga ukiliwa, umepokelewa.

Mlinzi akaja mbio. Alisema kwa adabu, lakini kwa woga pia, kwamba ameshatuambia wanyama hawalishwi.

"Simlishi mnyama wako, mwanangu," bibi akamwambia. "Namlisha mama yangu. Kaburi lake ndilo hilo mlilolijengea kizimba."

Nikamwona mlinzi anatazama bakuli, kisha anatazama miguu yake mwenyewe, akasogea nyuma hatua moja. Akavua kofia. Nafikiri na yeye alikuwa na makaburi ya kwao huko bara. Hakuondoka, wala hakutuondoa. Watazamaji nao walianza kukusanyika, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kelele ndiyo iliyomleta mwenye bustani, au tuseme ule ukimya. Alikuja na mbwa wake, akauliza kuna nini kwa Kiswahili kile cha kuamrisha. Mlinzi akamweleza. Akasema hapakuwa na kaburi lolote, yeye alipewa pori tupu, na karatasi anazo. Bibi hakusimama. Alimwuliza kama pori tupu ndilo lililomfinyangia bakuli la kaure. Watu waliokuwa nyuma yetu wakaguna. Yule bwana uso ukamwiva. Akaona kwa mzee hapati kitu, akanigeukia mimi, akaniamuru nimnyanyue bibi yangu nimtoe nje.

Nilikuwa nimelelewa kujibu "ndiyo bwana" kabla sijajua naulizwa nini. Siku ile jibu hilo halikuja. Lilikuja jingine, na nikalitoa nikiwa nimeketi vile vile, mkono juu ya tumbo.

"Subiri. Bado sijaamkia."

Nikamgeukia nyani aliyekuwa na unga puani, na ardhi iliyokuwa chini yake, nikasema shikamoo bibi. Nikajitaja mimi ni nani, binti wa nani. Nikasema nimekuja na mgeni wangu, na huyu namtaka, simtoi, naomba mnishikie. Sauti ilitetemeka mwanzo, haikutetemeka mwisho. Hakuna aliyenikatiza. Hata mtu asiyejua kwetu anajua kwamba salamu haikatizwi.

Nilipomaliza, yule bwana alimwambia mlinzi atukabidhi lile bakuli tuondoke zetu. Mlinzi akaingia kizimbani, akalitoa, akaliosha kwa mikono yake, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akakataa kulipokea.

"Sikuja kuchukua kitu," akasema. "Mwenyewe yupo. Lirudishe lilipokuwa, ulifunike, kichwani, pale penye jiwe."

Mlinzi alimtazama bosi wake. Bosi alikuwa anatutazama sie wote, umati mzima wa Jumatano, na hakuna aliyekuwa akitazama wanyama. Akageuka akaenda na mbwa wake. Mlinzi akapiga magoti kwenye mavi ya nyani na kaptula yake ile ya pasi, akalifunika bakuli penye jiwe. Ndipo bibi akasimama, akavaa viatu, akasema sasa tunaweza kwenda.

Mwanangu alizaliwa mvua za masika, mzima, mwenye mapafu ya muuza samaki. Mume wangu anasema ni kliniki. Simbishii, maana kliniki nilikwenda. Lakini siku arobaini zilipokwisha nilimfunga mgongoni, bibi akatangulia, tukashika njia ile ile ya mchanga. Haikuwa Jumatano. Niliichagua siku hiyo kwa makusudi.

Mlinzi alikuwa getini. Alimwamkia bibi, akamchungulia mtoto, kisha akatazama nyuma yake kama bwana yupo. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayetimiza wajibu, tumekuja kutazama nini.

"Hatukuja kutazama," nikamwambia. "Tumekuja kwetu."

Akafungua geti. Kiingilio sikutoa.