Kishikwambi Kilinizoesha Sifa

Kiingereza cha mdomo nilikuwa nacho, kile cha kumuuzia mgeni pweza pale ufukweni Utende na kumwita arudi akishageuza mgongo. Kusoma ndiko kulikonishinda. Na hifadhi ya bahari ilitaka kila mwombaji wa kibali cha kuongoza wageni wanaokwenda kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiouma, asome masharti kwa sauti, kwa Kiingereza. Mistari kumi na miwili. Nilihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kumi na mmoja, nikafurahi bure.

Jirani yangu, mwalimu kutoka bara, alikuwa na kishikwambi. Akaipiga picha karatasi ya masharti, kikaanza kusoma: kila neno linalotamkwa linageuka njano, nami nafuata kwa kidole. Kisha zamu yangu. Nikipatia mstari, "Veri gudi!" Nikikosea, kimya, na kimya maana yake rudia. Nilijaribu kupatana nacho: "Basi nusu mstari, mwenzangu." Wapi! Mwezi mzima kilinikaba, mpaka siku moja dukani nikajikuta nasoma pakiti ya dawa ya mbu, muuzaji akadhani namkagua.

Siku ya mtihani, ofisa akasema, "Haya mama, soma."

Nikasoma mstari wa kwanza: mgeni asimguse papa. Nikasubiri. Kimya. Nimekosea! Nikarudia. Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi.

"Mama, papa haguswi, tumeelewa."

"Kwani nimepatia?"

"Umepatia."

"Sasa mbona husemi?"

Shangazi yangu, aliyenisindikiza, akadakia kutoka dirishani: "Msifu, baba! Kishikwambi kimemdekeza, bila 'veri gudi' hasogei."

Wa pili nikausoma, nikamkazia macho ofisa. Akafuta jasho. "Veri gudi." Nikasonga. Kufika wa tano akaanza kupunja, "gudi" tupu. Nikaurudia mstari mpaka akaongeza "veri". Tulimaliza sote tumechoka.

"Huko majini na wageni atakusifu nani?" akauliza. Akanisukumia karatasi nyingine ya Kiingereza, ngeni kwangu, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Neno la kwanza nililolitambua ni jina langu. Nikaendelea, wala sikumtazama, mpaka niliposimama mwenyewe kwenye muda wa kibali.

"Miezi sita tu?"

Akatoa kiganja. "Ya majaribio."

"Andika mwaka."

"Mama, kibali hakina bei ya kuvutana!"

Tukapatana saba.