Mimba Ambayo Sikuwa Nayo

Nikimwambia mama ukweli, je, nitakuwa nimemnyang'anya kitu, ilhali kitu chenyewe hakikuwahi kuwepo? Swali hilo lilininyima usingizi mwanzoni mwa mwaka huu, katika chumba changu cha kupanga huko Gatongora, Ruiru. Nilisomea takwimu chuoni, na nimezoea kuamini kwamba kila jambo lina uwezekano wake unaoweza kukadiriwa. Hili halikukadirika. Mama alidhani nina mimba. Sikuwa nayo. Na tatizo kubwa ni kwamba alikuwa amefurahi.

Hedhi yangu haijawahi kuwa na adabu. Nikiwa shuleni ilikuja ilipotaka, na baada ya kumaliza chuo ikatoweka kabisa. Wakati huohuo nikaanza kunenepa kiunoni na tumboni, na kidevuni pakaota nywele ngumu nilizozing'oa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilinunua vipimo vya mimba nikajipima, ingawa nilijua fika kwamba mimba hiyo haikuwa na mahali pa kupitia. Ndivyo nilivyo. Hata jambo lisilowezekana lazima nilihakikishe, kisha nihakikishe kwamba nimelihakikisha.

Mwishowe nikaenda kliniki. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinipima damu, akanipeleka kupigwa picha ya tumbo, kisha akautaja ugonjwa kwa herufi zake: PCOS. Alipoona nimeduwaa akaueleza. Mayai yangu yalikuwa yakianza kukua na kuishia njiani, yakabaki kwenye ovari kama vifuko vidogo. Homoni zilikuwa zimevurugika. Mwili haukuwa ukiitumia sukari vizuri, kwa hivyo nikanenepa, na unene nao ukazidi kuzivuruga homoni.

"Kwa hivyo nilinenepa kwa sababu ni mgonjwa," nikamuuliza, "au ni mgonjwa kwa sababu nilinenepa?"

"Unatafuta wa kulaumu?"

"Natafuta pa kuanzia."

"Basi anzia hapa," akasema, akaniandikia vidonge vya metformin, kipimo kidogo kwanza, nimeze nikiwa ninakula. Akaniambia nipunguze ugali mweupe, chapati, mkate na sukari, niongeze mboga na maharagwe, na nitembee kila siku. Alinionya kwamba dawa ingenisumbua tumbo mwanzoni.

Kuhusu chakula nilikosea kwa namna ambayo nadhani mtu wa kwetu tu ndiye angekosea. Niliacha mkate, nikahamia nduma, yaani magimbi. Tangu utotoni nimesikia kwamba chakula cha asili hakimdhuru mtu, kwamba babu zetu walikula nduma na viazi vitamu wakafa wazee, wembamba. Basi nikawa nachemsha sufuria nzima, nakula asubuhi, nabeba nyingine kazini, jioni namaliza zilizobaki, na roho yangu imetulia kabisa. Niliporudi kliniki nimeongeza uzito, daktari alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akavua miwani.

"Nduma ni nzuri," akasema. "Kipande. Hao babu zako walikuwa wanalima kutwa. Wewe unalima nini?"

Ninaingiza takwimu kwenye kompyuta.

Kuhusu tumbo, daktari hakukosea. Kichefuchefu kilikuja na kukaa. Harufu ya vitunguu vikikaangwa ilinifukuza jikoni. Nilisoma mtandaoni kuhusu kila dalili mpaka nikawa nazipata hata zile ambazo sikuwa nazo. Mama sikumwambia chochote. Yeye anaishi Kamenu, Thika, ana cherehani yake sebuleni na anashona sare za shule na nguo za sherehe. Nilijiambia kwamba nitamweleza nikishapona. Kisha nikasoma kwamba ugonjwa huu haupiti kama malaria. Mtu hujifunza kuishi nao. Basi nikabaki sina siku ya kumweleza.

Jumapili moja nilienda nyumbani. Baada ya kanisa, jirani yake alikuja kukaa nasi, mama mmoja anayeuza mboga kwenye kona na ambaye nimemwita tata, yaani shangazi, tangu nijue kuongea. Mama alileta chai kama anavyoipika siku zote, maziwa mengi, sukari ikiwa imeshatiwa kwenye sufuria. Nikasema sitakunywa.

"Haiya!" tata akasema. "Chai ya mama yako unaikataa tangu lini?"

"Tumbo tu, tata."

"Tumbo." Alilitamka polepole akimtazama mama. "Na pale jikoni umetoka mbio hivi, ukishika mdomo, pia ni tumbo?"

"Mwache mtoto," mama akasema. "Watu wa Ruiru siku hizi wanakunywa maji ya limau."

"Maji ya limau! Mimi nilikunywa hayo maji ya limau na wangu wote wanne."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa sababu sikujua kufanya nini kingine na uso wangu. Tata alipoondoka, mama akachukua tepu yake ya kupimia. "Simama hapa, maitu," akasema. Huniita maitu, mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Kwetu watoto hupewa majina ya babu na bibi zao, na mzee ambaye mtoto amepewa jina lake tunasema amezaliwa tena. Alitaka kunishonea nguo ya kanisani. Alinipima kifua, akanipima kiuno, akarudia kiuno, kisha akaikunja tepu akaiweka mezani.

Nilipokwenda tena, gauni lilikuwa tayari, la kitambaa cha samawati. Nimelelewa chini ya cherehani, kwa hivyo nilielewa kabla ya kulivaa. Marinda yalianzia chini ya kifua badala ya kiunoni. Pindo la mbele lilikuwa refu kuliko la nyuma, ili tumbo likishakua lisiinue nguo na kuacha magoti wazi. Mama hakosei pindo.

"Sikuulizi ni wa nani," akasema akiwa ameinamia sindano. "Utaniambia ukitaka. Kanisani watasema, halafu watachoka. Watu huchoka."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Dada yako alipoolewa alimzaa mama ya mume wake, na ndivyo inavyotakiwa, msichana wa kwanza ni wa huko. Wa pili akawa kijana, akafunga kizazi. Sijalalamika, umewahi kunisikia nikilalamika? Lakini wewe hujaolewa. Huyu ni wetu. Akiwa msichana, ni mimi."

Aliinua uso. Sijui niseme alikuwa anaonekanaje. Alikuwa na haya, kama mtu aliyejiuliza kama anaruhusiwa kuomba kitu akajikuta ameshakiomba.

Nikasema, "Asante, mama." Nikalikunja gauni nikaondoka.

Wiki zilizofuata nilipanga maneno, nikayapangua. Nilifikiria kumwambia kwamba mimba imeharibika. Nilifika mbali na uongo huo: nilichagua siku, nikachagua hospitali, nikajua hata angeuliza nini. Kisha nikamwona akililia jina lake, akimzika mtu ambaye hakuwahi kutungwa, nikaona haya kuwa wazo hilo limetoka kichwani mwangu. Nilifikiria pia kunyamaza tu, ili tumbo lenyewe limjibu kwa kutokua. Lakini mama ni fundi. Angehesabu miezi kimyakimya, kila nikienda angenitazama kiuno, na wala asingeuliza.

Nilimuuliza daktari kama nitazaa. Alisema wengi wenye hali kama yangu huzaa, wengine bila shida, wengine kwa kusaidiwa, na kwamba hawezi kuniahidi na hawezi kunikatalia. Nilitaka jibu moja. Nilirudi kazini nikiwa na mawili na nikashindwa kufanya lolote mchana mzima.

Lakini nilikuwa ninameza dawa. Nduma ikawa kipande. Asubuhi mayai na sukuma wiki, mchana maharagwe au ndengu na ugali wa kiasi cha ngumi yangu, jioni natembea hadi viatu vipate vumbi. Kichefuchefu kikapungua taratibu. Sketi niliyokuwa nimeitupa chini ya kabati ikafunga, kwa shida, lakini ikafunga. Na asubuhi moja, chooni kazini, nikaona damu.

Niliketi pale nikalia kwa furaha. Daktari alikuwa ameniambia hii ndiyo tunayoitafuta, kwamba mwili unaanza kukumbuka kazi yake. Mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu alikuwa mama. Nikatoa simu, nikafika kwenye nambari yake, na hapo ndipo nikaona nilivyojifunga. Habari njema kuliko zote nilizozipata mwaka huu ndiyo ingekuwa habari mbaya kuliko zote kwake. Nikizidi kunyamaza, kila hatua ya kupona kwangu ningeificha kama mwizi.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Thika. Nilimkuta akitia vifungo kwenye shati la shule. Sikukaa, kwa sababu nikikaa huanza kufikiri.

"Mama, sina mimba. Sijawahi kuwa nayo. Nina ugonjwa wa homoni, ndio ulionizuia hedhi na kuninenepesha. Kichefuchefu ni dawa. Juzi hedhi imerudi."

Sindano yake ilisimama.

"Na utazaa?"

"Huenda. Daktari hajasema hapana. Hajasema ndiyo."

"Ngai, Mungu wangu." Kisha, kwa sauti nyingine, ya hasira: "Na umekuwa ukiugua peke yako huko Ruiru, mimi nikikushonea marinda?"

Alisema twende kwa mchungaji akaniombee, halafu yuko mwanamke fulani mwenye mizizi ya kuchemsha, na hizo dawa za hospitali niziache kwanza. Nikamwambia maombi nitayapokea kwa mikono miwili. Mizizi sitakunywa, na dawa siziachi. Sidhani nimewahi kumwambia mama maneno mawili ya sitaki kwa pumzi moja. Aliniangalia kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Hapo tata akasukuma mlango na kikapu chake cha mboga. "Mko! Nimemletea mgonjwa wetu malimau," akasema, akanipapasa tumbo kwa kiganja. "Mbona huyu mtu wetu hakui?"

Nikamwona mama akifungua mdomo. Nilimjua, alikuwa anatafuta la kusema, lolote la kunisitiri, na kesho angelazimika kulibeba hadi kanisani. Nikaushika mkono wa tata, nikauondoa tumboni taratibu.

"Tata, hakuna mtoto," nikasema. "Nilikuwa mgonjwa, bado natibiwa. Keti nikueleze."