Cheti Chenye Muhuri na Hita Iliyojaa Maji

Jumanne asubuhi, kwenye mgahawa wetu wa Huanshi Zhonglu, simu zote mezani zililia kwa pamoja: yule Mtanga aliyekuwa akiwakagulia wafanyabiashara mizigo viwandani amefariki hospitalini kwa ugonjwa wa moyo. Kwa dakika nzima hakuna aliyeuliza bei ya kitu chochote, na wasomaji wangu wanaoijua Xiaobei, mtaa wetu wafanyabiashara wa Kiafrika katika mji huu wa Kichina, wataelewa kwamba hiyo ni heshima kubwa kuliko risala. Hakuwa rafiki yangu wa karibu. Nilimfuata safari moja tu, kwa udadisi, nami safari hiyo sijamaliza kuifikiria.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nakuru alikuwa ametia kiinua mgongo chake chote kwenye magari mawili ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na bafu ndani, ili awakodishie watalii. Kiwanda kiko kaskazini, ambako maji huganda ndooni. Meli ikachelewa, na magari yakawa hayana budi kukaa uani majira yote ya baridi. Kiwanda kikamtumia marehemu, aliyekuwa mkaguzi wa Mwalimu, cheti: hita za maji zimejaribiwa na kumwagwa maji yote. Chini yake palikuwa na muhuri mwekundu mkubwa kama kisosi. Tulikipitisha mezani kwenye simu, tukakisifu. Marehemu akauliza, “Nani aliyaona maji yakitoka?”

“Buda,” akacheka mfanyabiashara mmoja wa Nairobi, “yaani upande treni siku nzima uende kumwaga maji? Si umwage ya hapa tu, ni mengi!”

“Maji yakiganda yanatanuka, ndugu yangu. Tangi halisomi cheti.”

Kule kiwandani bosi alitupokea kwa “mei wenti”, yaani hakuna tatizo, maneno ambayo katika biashara yetu husemwa zaidi pale tatizo lilipo. Akatoa cheti chenyewe, na nakala yake, na nakala ya nakala. Marehemu akaomba spana. Ofisi nzima haikuwa na spana. Akatoa yake begini, akazima umeme na gesi, akaligusa tangi kuhakikisha ni la baridi, akanionyesha kovu kiganjani: “Hili ni la siku niliyokuwa na haraka.” Akafungua bomba la maji moto, akainua valvu ya usalama ili presha itoke, kisha akazungusha kizibo cha chini. Maji yakabubujika juu ya viatu vya bosi, yakiwa na vipande vya barafu.

Bosi aliyatazama maji, akatazama cheti. “Haya ni maji mengine,” akasema.

“Sawa, laoban, bosi wangu. Basi tutoe na haya mengine.”

Alisuuza chokaa tangini, akakagua fimbo inayozuia kutu, akakausha mabomba na pampu, akaviacha vizibo wazi na kufunga karatasi kwenye usukani: usiwashe kabla ya kujaza maji. Akashauri magari ya wateja wengine kwenye safu ile yafunguliwe pia. Bosi akajibu kwamba hayo tayari yana mihuri yake.

Barafu ilipoyeyuka, matangi ya safu ile yalikuwa yamepasuka kama mkate. Mihuri ilikuwa mizima kabisa. Magari ya Mwalimu yalifika, akajaza maji, yakachemka, wageni wakaoga. Mwalimu akampigia marehemu nikiwa naye mezani, akamwuliza kwa upole kama ile safari ilikuwa lazima kweli, maana hita hazikuwa na kasoro yoyote.

“Hazikuwa, Mwalimu,” akajibu, akaendelea kunywa chai yake.

Ndivyo tulivyo. Fundi anayeziba tangi lililopasuka tunampigia makofi na kumpiga picha. Aliyelimwaga mapema tunamwuliza alihangaikia nini. Kitu chako kikivuka msimu mbaya kikiwa kizima, kabla hujakisifu kiwanda, ulizia ni nani aliyekwenda kuinama chini yake, na umshukuru angali anaweza kusikia. Mimi nimechelewa. Jana nilimpigia Mwalimu nikamweleza yote, pamoja na ile safu ya magari. Akasema, “Subiri nichukue kalamu. Hicho kizibo cha chini kinafunguliwaje?”