Yai la Mkononi mwa Teklia

Paraska Hnatiuk alibakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Teklia, na huyo Teklia alikuwa anakufa. Ini lilikuwa limekwisha. Hospitali walishasema mrudisheni nyumbani, mlazeni karibu na dirisha. Hakuomba kasisi kwanza, aliomba yai la kuzikwa nalo mkononi.

"Dada, niandikie wewe mwenyewe. Usimpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Hapa nani anajua kuandika?"

Sisi Waukraine wa nyika za Alberta, Kanada, hatuchori yai, tunaliandika. Unayeyusha nta ya nyuki kwenye mwali wa mshumaa, unaandika kwa kalamu maalumu ya nta, unatumbukiza yai kwenye rangi, unaandika tena. Na mstari unaolizunguka yai lazima urudi ulikoanzia. Ukikatika, yai hilo haliwekwi mkononi mwa maiti, hata liwe zuri namna gani. Paraska ndiye aliyewaandikia wafu wote wa kanisa letu tangu aolewe, na mstari wake haukuwahi kukatika. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa.

Ila macho yalikuwa yamemkauka. Akipepesa, ni kama mchanga. Mstari ukifika tumboni mwa yai anaiona miwili, mkono unapotea. Yai baada ya yai likaenda kwenye ndoo ya nguruwe; alibakiza moja tu, ambalo mstari wake ulikuwa haujakatika wala haujamalizika.

Oresia, binti wa Teklia, akampeleka Paraska mjini kwa daktari wa macho, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini. Akaambiwa kwamba kwenye kingo za kope kuna tezi za mafuta, na mafuta yake yameganda yakaziziba, ndiyo maana machozi hayakai. Daktari akambandika vipande laini vya joto juu ya ngozi ya kope, akamwacha alale chali, kisha akazikamua kope taratibu.

"Utarudi tena, bibi. Mafuta yaliyoganda miaka hayayeyuki siku moja."

"Kwa joto hili? Hata siagi haiyeyuki."

"Ngozi ya hapo ni nyembamba sana. Nyumbani weka kitambaa cha uvuguvugu, usizidishe."

Kwenye gari Paraska akacheka. "Eti anifundishe mimi kuyeyusha!"

"Lakini mama mkubwa, leo si unaona nafuu kidogo?"

"Kidogo. Na mama yako anakufa kidogo?"

Oresia akatazama barabara.

Teklia akaacha kula. Paraska akawaza, mafuta na nta ni kitu kimoja, na nta haiyeyuki kwa kubembelezwa. Asubuhi akachemsha maji, akachovya kitambaa, akakikamua kwa kijiko, akajilaza kwenye benchi la jikoni na kukibandika machoni. Kikachoma. Akasema moyoni ndivyo inavyotakiwa, akakandamiza kwa viganja vyote viwili. Aliposikia majimaji yanamtiririka shavuni alifurahi, akidhani ni mafuta yanatoka. Ilikuwa ngozi yake.

Oresia alipoingia alipiga kelele. "Umefanya nini?"

"Acha makelele. Nipe kalamu."

"Kalamu ya nini, na macho yamefumba kama ya paka mchanga!"

Teklia alikata roho Paraska akiwa bado amefungwa bendeji. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafunikwa, Oresia alimvuta pembeni.

"Nipe yai lile uliloanza, nilimalizie mimi. Utaniongoza kwa mdomo."

"Mkono wako utakata mstari."

"Basi ukatike!"

"Mama yako alisema asiandike mtu mwingine."

"Alisema hivyo kabla hujajiunguza, mama mkubwa."

Paraska alikuwa na yai mfukoni. Akapapasa nta kwa kidole gumba mpaka pale ilipoishia, akatikisa kichwa. Kasisi akauliza kama yai lipo. Teklia akafunikwa mikono mitupu, na watu wote waliona, isipokuwa dada yake.

Kope zilipona vibaya. Ngozi ilijikunja, na jicho la kulia halifumbi hata akilala, kwa hiyo linakauka kuliko zamani. Kila jioni Oresia huja kumpaka dawa. Hapigi hodi, wala hawaulizani habari.

"Tazama juu," Oresia husema.

Naye hutazama juu.